Crab and Winkle Way: njia safi, baiskeli ya kukodi balaa

Njia yenyewe, ya baiskeli na miguu huko Kent, Uingereza, inayofuata kwa sehemu reli ya zamani ya treni, sina ugomvi nayo, hilo niliseme mapema. Unatoka Whitstable kwenye harufu ya chaza, unaingia msituni, unatokea Canterbury mjini, na sehemu kubwa hakuna gari la kukupumulia kisogoni. Nyota tano nilikuwa nimeshaziweka tayari.

Baiskeli niliikodi duka moja, jina silitaji, kulitukana nako ni kulitangaza. Kijana wa pale akalipigapiga tandiko kama dalali anayenadi ng'ombe mgonjwa, akasema iko fiti. Fiti gani? Gia zilikuwa zinarukaruka tangu mtaa wa kwanza. Ndani ya Clowes Wood, njia ilipoanza kupanda, cheni ikachomoka na kujibana kati ya gia za nyuma na spoku. Gurudumu likagoma kabisa.

Hapo nilipokwama ni karibu na Winding Pond. Bwawa hilo ndilo lililokuwa likiipa maji injini ya mvuke iliyofungwa juu ya kilima kuvuta mabehewa kwa kamba, kwa sababu Invicta, kichwa cha treni walichoanza nacho mwaka 1830, hakikuwa na ubavu wa kupanda miinuko ya huku. Kwa hiyo abiria wa enzi zile walikuwa na injini ya kuwavuta. Mimi nilikuwa na namba ya simu ya duka.

Akapokea kijana yuleyule. Pole hakuna. Kuniuliza kama nimeumia hakuna. Swali lake la kwanza: nimeifanya nini baiskeli yao? Halafu akaniambia, "Sukuma tu, kutoka hapo mpaka Canterbury ni mteremko mtupu." Akakata simu.

Mteremko mtupu! Kwanza, baiskeli ambayo gurudumu la nyuma halizunguki haisukumwi, inabebwa. Pili, mbele kuna bonde la kijito cha Sarre Penn, na ukishavuka unakabiliwa na kilima mpaka Chuo Kikuu cha Kent. Treni zilipita chini ya kilima hicho kwa handaki. Siku hizi handaki halipitiki. Mwaka 1974 kipande chake kiliporomoka na kuharibu jengo la chuo lililokuwa juu yake. Sisi tunapanda kwa juu. Kijana anayekodisha baiskeli kwa ajili ya njia hii hajui hilo? Anajua sana.

Mama mmoja mwenye mbwa alihangaika nami kwa kijiti, tukashindwa, akanipa pole ya kweli. Wenye baiskeli nzima walipita wakinipigia kengele nisogee. Nina baiskeli begani, napigiwa kengele! Nikaanza kuichukia njia nzima, miti na vibao vyake. Na kwa nini waiite njia ya reli wakati sehemu nyingine haifuati reli yenyewe? Nyota zikashuka mbili, tatu.

Ila ukishuka kutoka chuoni na kuliona kanisa kuu limesimama juu ya mapaa ya mji, hasira inapungua, upende usipende. Basi nne. Hapana, tano, njia haina kosa.

Duka ningelipa sifuri kama sifuri ingekuwepo. Niliporudisha lile chuma lao wakakata sehemu ya amana, eti matope yamezidi. Msitu wa Kent baada ya mvua, walitaka irudi na vumbi la Dodoma? Kuhusu cheni, kimya.

Kama huna baiskeli yako, nenda kwa miguu, tena utafaidi msitu zaidi. Na wewe kijana, sehemu ya amana yangu mliyoikata bado naidai.