Fadeout: Mpelelezi wa Bima Aliyefiwa

Riwaya hii ya Joseph Hansen, iliyotoka Marekani mwaka 1970, ndiyo ya kwanza kati ya vitabu 12 vya Dave Brandstetter, mpelelezi wa madai ya bima ya maisha huko California, ambaye anapenda wanaume wenzake na wala haoni haya kwa hilo. Gari la Fox Olson, mwimbaji wa redio, limekutwa korongoni lakini maiti haionekani, na kampuni haitaki kulipa kabla ya kujua ukweli. Fumbo limesukwa vizuri, ingawa wahusika ni wengi kiasi kwamba mara mbili nililazimika kurudi nyuma kutafuta nani ni nani.

Kilichonishika hasa ni msiba. Rod, mwenzake Dave wa miaka mingi, amefariki kwa saratani muda mfupi tu uliopita, na sasa Dave anakaa mbele ya mke wa Olson akimhoji kama mjane, ilhali yeye mwenyewe ni mgane asiyetambuliwa na sheria yoyote. Penzi jipya la Dave, kwa maoni yangu, limeharakishwa.