Miaka minne na Jamvi, mbwa wa wachungaji wa Bergamo

Mama alipomwona mara ya kwanza kwenye simu ya video aliuliza, "Mwanangu, mbona jamvi linatembea?" Jina likamganda hapo hapo. Kwenye cheti cha ENCI, chama kinachosajili mbwa wa nasaba halisi Italia, ana jina refu la Kiitalia ambalo hakuna anayeliita. Nyumbani ni Jamvi, na majirani zangu hapa Lombardia, kaskazini mwa Italia, wamejitahidi wakaishia kwenye "Giambi".

Ni bergamasco, mbwa wa kuchunga kondoo kutoka mabonde ya milima iliyo juu ya mji wa Bergamo. Nimekaa naye miaka minne, na kila anayetusimamisha njiani huuliza lile lile: hayo manyoya unayawezaje? Jibu langu huwashangaza. Manyoya nimeyaweza. Mwenye manyoya ndiye bado tunajadiliana.

Lakini tuanze na manyoya. Mbwa huyu ana ya aina tatu kwenye mwili mmoja. Karibu na ngozi kuna manyoya mafupi, laini, yaliyosongamana, yenye mafuta kidogo ukiyashika. Juu yake kuna marefu magumu kama ya mbuzi, na Waitalia huyaita hivyo hivyo, pelo caprino. Ya tatu ni kama sufu ya kondoo. Mabegani ya mbuzi ndiyo mengi, kwa hiyo hapo hayashikani sana. Kuanzia katikati ya mgongo kwenda nyuma, na miguuni, sufu hushika kazi: aina zote hujisokota pamoja zikawa mapande bapa yanayoitwa taccole. Usimchanganye na puli wa Hungaria. Yule ana kamba kamba za mviringo kama rasta, huyu wangu amevaa vipande vya mkeka.

Mtoto huja laini kama kitambaa, ukadhani umeuziwa mbwa mwingine. Akikaribia mwaka mmoja, manyoya huanza kushikana, na hapo inabidi ukae chini uyapasue kwa mikono, kutoka nchani hadi karibu na ngozi, uyatenge kuwa mapande mapande. Mfugaji alinionya nisichelewe. Nikachelewa. Nilipomgeuza siku hiyo, tumbo, kwapa na mapaja yalikuwa zulia moja. Jumamosi nzima ikaisha, Jumapili mpaka jioni, vidole vimevimba, naye amelala anakoroma kana kwamba mwili ule si wake. Baada ya hapo kwa miezi kadhaa nilipitisha vidole kwenye mashina mara moja kwa wiki ili yasirudi kuungana. Sasa hata hilo silifanyi. Brashi iko kabatini, na ikae huko, maana brashi huyavunja mapande. Mkasi ndio kabisa usiguse: mapande hufika chini mbwa akiwa na miaka mitano au sita, kwa hiyo ukimnyoa umeanza upya. Ya Jamvi yamefika magotini.

Kuoga ni mara mbili kwa mwaka, kiangazi, asubuhi na mapema. Kumlowesha tu ni kazi, kwa sababu maji hayataki kuingia. Yakishaingia hayataki kutoka. Mwaka juzi nilimwogesha Novemba baada ya kujigaragaza kwenye kinyesi cha ng'ombe, nikamkausha nusunusu. Wiki nzima alinuka kama nguo zilizosahaulika kwenye ndoo. Siku hizi naweka feni mbili, mchana na usiku, na kila baada ya muda nayaminya mapande kwa taulo.

Hapukutishi manyoya kama mbwa wengine, hilo ni kweli, kochi langu ni shahidi. Ila huleta nyumbani majani, vijiti, na mara moja konokono mzima. Kupe ndio wananitia wasiwasi, kwani kumtafuta kupe humo ni kutafuta sindano kwenye nyasi, kwa hiyo dawa ya daktari wa wanyama siikosi hata mwezi mmoja.

Watu hupenda kumfunga manyoya ya usoni kwa kibanio ili "aone". Anaona. Kope zake ndefu huyashikilia manyoya yasimwingie machoni, na ukiyainua utakuta macho makubwa ya rangi ya kahawia iliyoiva, yanakutazama kwa kukupima. Kwa vipimo rasmi dume husimama sentimita 60 begani, zikipungua au kuzidi mbili, na kilo 32 hadi 38. Jike ni mdogo kidogo. Jamvi ana kilo 35. Rangi ni kijivu cha kila namna hadi nyeusi tii. Yeye ni kijivu chenye mabaka meusi.

Sasa tabia. Wachungaji wa kule walihamisha kondoo kila mwaka, kiangazi juu milimani, baridi ikija wakashuka nyanda za mto Po. Mtu mmoja, kondoo wengi, ukungu. Mbwa alilazimika kuamua mwenyewe mahali mchungaji asipomwona. Basi mbwa huyo huyo yuko jikoni kwangu. Nikisema "njoo" husimama kwanza. Akiona kuna maana, anakuja. Nikipaza sauti, hunipa mgongo na kukaa. Zoezi hulifanya mara tatu vizuri sana. Ya nne analala. Nililipia mafunzo mahali fulani, mwalimu akawa anavuta kamba kwa nguvu kila akikosea. Wiki mbili nzima Jamvi alinigomea hata mimi. Nilipoacha amri nikaanza kumpa kazi, akabadilika. Jioni huwafungia kuku: mimi nafungua mlango wa banda, yeye anawazungukia polepole mpaka wa mwisho aingie, bila kubweka.

Kila mtu wa nyumba ana uhusiano wake naye. Kwa mume wangu ni mchezo, kwa binti yetu ni subira isiyo na mwisho, kwangu ni biashara ya kupatana bei. Mgeni haumwi, lakini akiingia, Jamvi hujilaza katikati yake na mlango, na kumpita yataka adabu. Asichokiweza ni upweke. Ukitoka nyumbani asubuhi ukarudi usiku, usimchukue.

Kumpata nilisubiri miezi 14. Ni wachache: baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, soko la sufu lilipodorora, karibu wapotee kabisa, na wengi wa leo wana deni kwa Maria Andreoli, aliyewazalisha kwa makini kwa miongo mingi. Marekani, AKC, chama kinachosajili mbwa huko, kiliwatambua rasmi mwaka 2015 tu. Ukienda kwa mfugaji, omba kumwona mama wa watoto, uyashike manyoya yake kwa mikono yako, na mwombe mfugaji akuonyeshe namna ya kuyapasua kabla hujaondoka.

Nimeshaandikisha jina tena. Safari hii nataka jike, na mume wangu ameuliza feni ya tatu tutaiweka wapi.