Uzoefu wangu na sumakuumeme ya mkononi ya kutafutia nyufa kwenye vyuma

Ninakarabati vipuri vya mashine nzito, hasa shafti, gia, kulabu za winchi na fremu zilizolehemiwa, na kwa muda sasa nimekuwa nikivikagua kwa chembe za sumaku kwa kutumia sumakuumeme ya mkononi yenye miguu miwili inayokunjika. Ninaiona inafaa kwa karakana yoyote ya chuma, mradi mnunuzi ajue mapema ni kasoro zipi haiwezi kuzionyesha.

Miguu ikigusishwa kwenye chuma na swichi ikabonyezwa, mistari ya sumaku hupita ndani ya chuma kutoka mguu mmoja hadi mwingine. Ikikutana na ufa unaoikatiza njia, sehemu yake huchomoza juu ya uso, na chembe laini za chuma zilizonyunyizwa hapo hunaswa zikauchora ufa ambao macho matupu yasingeuona. Ufa uliolala sambamba na mistari hiyo haunasi karibu chochote. Kwa hiyo kila eneo hukaguliwa mara mbili, mara ya pili miguu ikiwa imegeuzwa nyuzi 90, na anayeruka hatua hiyo ni afadhali asikague kabisa. Nimewahi kuona mshono wa kulehemu ukitoka safi katika mkao wa kwanza, kisha mkao wa pili ukatoa mstari mweusi mwembamba kando ya mshono, mahali hasa ambapo fremu hubeba mzigo mkubwa.

Kifaa changu hutumia mkondo geu (umeme unaobadili mwelekeo mara kwa mara, AC) au mkondo mnyoofu (unaoelekea upande mmoja tu, DC). Karibu wakati wote ninachagua mkondo geu, kwa kuwa huifanya sumaku ikae karibu na uso, ambako nyufa nyingi za uchovu wa chuma, yaani zinazotokana na mzigo unaojirudiarudia, huanzia, na mtikisiko wake huzisaidia chembe kusogea kuelekea penye kasoro. Mkondo mnyoofu hufika chini zaidi kidogo, lakini kwa kasoro zilizojificha ndani sana ningetafuta kipimo cha mawimbi ya sauti badala ya kuulazimisha. Kabla ya kazi ninapima nguvu kwa kunyanyua kipande cha chuma: kwa kawaida kilo 4.5 kwa mkondo geu na kilo 18 kwa mkondo mnyoofu. Kifaa kikishindwa kukinyanyua, hakifai kwa ukaguzi siku hiyo.

Kuhusu chembe, nyeusi juu ya rangi nyeupe nyembamba zinatosha kwa mishono iliyoko mahali penye mwanga mwingi. Kwa gia na shafti ninapendelea zinazong'aa chini ya taa ya urujuanimno ya nanomita 365, kwa sababu ufa mfupi kwenye shina la jino la gia hujitokeza wazi gizani. Tatizo ni hilo giza lenyewe: lazima pawepo chumba au turubai, na macho yapewe dakika kadhaa kuzoea.

Malalamiko yangu si machache. Kifaa hupata joto kikitumiwa mfululizo, uzito wake huchosha kifundo cha mkono, na juu ya shafti nyembamba miguu hugusa vibaya hata nguvu ikapungua. Pembe kali za mfereji wa ufunguo (mfuo kwenye shafti unaowekwa kipande cha kuifungia gia) nazo hukusanya chembe pasipo ufa wowote, kwa hiyo alama ya mahali hapo huhitaji kusafishwa na kukaguliwa upya kabla ya kipuri kutupwa.

Baada ya ukaguzi ninaondoa sumaku iliyobaki kwa kukivuta kifaa taratibu mbali na kipuri huku mkondo geu ukiwa bado umewashwa, kwa kuwa shafti iliyobaki na sumaku hukusanya vumbi la chuma ndani ya beringi. Mwenye kazi nyingi za alumini, shaba au chuma cha pua kisichoshikwa na sumaku asinunue kifaa hiki. Rangi penyezi, yaani rangi ya maji inayopenya ndani ya ufa na kuuonyesha, itamfaa, na ni rahisi zaidi.