Madereva wa kujitolea wanaowapeleka wazee wa vita ya Amini ufukweni Msimbati, nimeenda nao na mjomba wangu

Naandika hii kwa ajili ya yeyote hapa Mtwara mwenye mzee ndani aliyepigana vita ya Amini, sa hivi yuko barazani kutwa na redio yake na hakuna anayemtoa. Mjomba wangu ndo alikuwa hivo. Anakaa Magomeni kwa binti yake, bahari si mbali kabisa, lakini nilipomuuliza mara ya mwisho kuikanyaga ni lini akafikiri weee akasema labda kabla mkewe hajafa, na mkewe amefariki miaka tisa sasa.

Hawa jamaa ni madereva wa Noah na bajaji, kumi na kitu hivi, siku zote wanapiga kazi zao kama kawaida ila wanachagua Jumamosi moja wanaegesha biashara pembeni wanawachukua wazee. Nauli hakuna. Familia tunachanga mafuta tu, sisi tulitoa elfu kumi, na nyumba ambayo haikuwa nayo hakuna aliyeiuliza, mzee wao alipanda kama wengine na alikaa vizuri kama wengine. Nilipopiga simu niliulizwa maswali ambayo hata hospitali sijawahi kuulizwa: mguu mbovu ni upi, presha anameza dawa saa ngapi, anakojoa mara kwa mara au anaweza kuvumilia, alikuwa jeshini au mgambo. Hilo la mwisho nikashangaa, kumbe wanawapanga kwenye gari ili wakae na wa kuongea nao.

Siku yenyewe haiwekwi ovyo. Wanafuata bamvua, kwa sababu siku za bamvua maji yanakupwa sana kwenye saa nne asubuhi afu yanajaa jioni, kwa hiyo mkifika mapema mnaikuta Msimbati imeachia mchanga mpana, ule mgumu mweupe ambao gari inapita juu yake bila kunasa. Aliyefika Msimbati anajua nachosema. Na ndo maana hawaendi Shangani wala Mikindani ingawa ni karibu na lami tupu, Msimbati ni zaidi ya kilomita 35 kutoka pale Mangamba, unapita Madimba kwenye mitambo ya gesi, lakini ukifika mzee hatembei hata hatua ishirini. Noah inaenda hadi karibu na maji, mlango unafunguliwa, anashuka. Kwa mtu mwenye magoti mabovu hiyo ni kila kitu.

Bajaji zilianza kuwakusanya majumbani saa kumi na mbili na nusu. Aliyemfuata mjomba ni kijana mdogo tu, kavua kofia mlangoni, "Shikamoo mzee, nimekuja kukuchukua," afu akasimama akasubiri. Mjomba alikuwa bado anatafuta koti lake, ni koti zito la zamani, nikamwambia njomba utaungua jua hilo la nini, hakunijibu. Yule kijana wala hakuangalia simu, robo saa nzima kasimama. Mi ndo niliyekuwa na haraka.

Sasa ufukweni. Mjomba alikuwa mgambo Newala, ana miaka 22, Mwalimu aliposema ile Novemba 1978 kwamba uwezo wa kumpiga tunao, sababu tunayo na nia tunayo. Kutoka Newala hadi Kyaka ni nchi nzima unaikata, kona hadi kona, na kwetu huku vijana waliondoka wengi. Haya nilikuwa nayajua juujuu tu. Alivyoshuka akakunja suruali, kwenye muundi wa mguu wa kushoto ana kovu refu limekunjamana kama kamba, miaka yote najua lipo ila sijawahi kuliona mchana kweupe, kwa sababu havai kaptula. Akaingia maji ya vifundoni, akainama, akachota kwa kiganja akaonja. Afu akamgeukia mzee mwenzie, "Lile ziwa la Bukoba halina chumvi." Yule mwenzie akaanza kucheka, akasema mimi nililinywa lile, nilikunywa na kofia ya chuma. Basi hapo ndo wakaanza. Daraja la Kyaka lilivyokuwa limevunjwa na watu wa Amini na wao wakavuka Mto Kagera kwa daraja la kuelea, Masaka, ile barabara ya Lukaya yenye kinamasi huku na huku mwezi wa tatu 1979 walipokutana na Walibya waliokuja kumsaidia Amini, hadi Kampala tarehe 11 Aprili. Hakuna aliyewahoji, hakukuwa na mgeni rasmi, hakukuwa na spika wala fulana za kugawa. Madereva walikaa kwenye mkeka pembeni wanamenya madafu na kusikiliza.

Alikuwepo pia bibi mmoja, mumewe hakurudi. Alileta ming'oko, vile viazi vya porini vya kwetu huku, ya kuchemsha beseni zima na chumvi yake. Mzee mmoja aliwahi kufika makaburi ya mashujaa ya Kaboya kule Muleba, basi bibi akamuuliza pamekaaje, kuna kivuli, panafagiliwa? Akamweleza taratibu, mistari ilivyopangwa, na kwamba wanajeshi wanapatunza. Bibi akasema vizuri, akaendelea kugawa ming'oko. Mi nilienda kusimama nyuma ya gari kidogo.

Mchana wali wa nazi na changu wa kukaanga, saa saba kasoro waliotaka kuswali wakapelekwa msikitini kwa gari na kurudishwa, na saa nane kamili tukaanza kuondoka kwa sababu maji yalishaanza kupanda.

Kasoro zipo na nimeshawaambia wenyewe. Noah moja ilichelewa tukaanza safari karibu saa nzima nyuma ya muda, na saa hiyo inakatwa kwenye mchanga maana maji hayakusubiri. Siti ya nyuma kabisa ya Noah haimfai mzee wa miaka 70, mmoja alitoka pale miguu imekufa ganzi tukamkanda. Hakuna ngazi ya kushukia, walitumia kreti la soda, likateleza mara moja, namshukuru Mungu dereva alikuwa kamshika mkono, ila kigoda kizuri cha mbao fundi anakitengeneza kwa hela ndogo na mi nimeahidi kukileta. Choo kiko mbali. Kivuli kilikuwa turubai moja, halikutosha.

Kuna jirani kaniambia haya mambo ya kutembeza wazee ni ya Wazungu. Sawa, madereva wa teksi wa London wanawapeleka maveterani wao pwani ya Worthing tangu 1948, hilo najua. Ila yule kijana wa bajaji hajui London wala Worthing, alichoniambia ni kwamba babu yake alienda vita hiyohiyo na akafa yeye akiwa mdogo, hakumpeleka popote.

Kwa hiyo ukimpeleka mzee wako: omba siti ya mbele au ya katikati mapema kabisa, beba dawa zake, kanga ya kujifunikia jua na suruali ya akiba. Chakula usihangaike. Na wewe nenda, usimtume peke yake. Mjomba kanipigia Alhamisi, hakuuliza hata habari za watoto, kauliza bamvua lingine lini.