Bujora Kisesa: nimepita hapo miaka tisa bila kushuka, juzi nimeenda na bibi

Nina miaka tisa Mwanza, Kisesa napita kila nikienda Magu kwa bibi, na sikuwahi kushuka kwenda kuona Makumbusho ya Wasukuma pale Bujora. Ukikaa karibu na kitu unakiona cha wageni, cha wazungu wenye kamera. Juzi bibi alikuja mjini kutibiwa macho, siku ya kurudi nikamwambia bibi leo tunashuka hapa kidogo, akaguna, tukashuka.

Kutoka mjini ni kilomita kama 20 hivi barabara ya Musoma, daladala za Kisesa zipo, ukishuka unachukua boda. Daladala yetu ilijaza mpaka kondakta ananing'inia, na bibi ana mfuko wa michembe, viazi vitamu vya kukausha, mapajani, ila hiyo sio kosa la makumbusho tuiache.

Kwanza kabisa pale majengo yenyewe ndo maonesho. Mimi nilitegemea chumba kimoja na makabati ya vioo basi. Kumbe kanisa ni la duara kama nyumba ya Kisukuma, na jengo la mambo ya watemi, yaani machifu wa Kisukuma, limejengwa kwa umbo la kiti cha mtemi, yaani unaingia ndani ya kiti kwenda kuona kiti. Aliyeanzisha ni padri wa Kikanada, David Clement, wa hawa tuliozoea kuwaita White Fathers, wazee wakampa jina la Fumbuka, akafanya kazi na Wasukuma wenyewe kukusanya vitu, na makumbusho yakaanza rasmi 1968. Angalia huo mwaka. Utemi serikali iliufuta 1963, sasa ngoma ya kifalme ikishakuwa haina mtemi inabaki pipa la ngozi kwenye kona ya nyumba ya mtu, panya wanatafuna. Kwahiyo vitu viliokotwa wakati wake, wangechelewa miaka ishirini tungekuwa tunaangalia picha tu.

Sasa bibi. Kijana anayetembeza wageni akamsalimia "Mwadila mayu", bibi akaitika akachangamka hapohapo macho yasiyoona vizuri akayasahau. Tumefika kwenye nyumba ya nyasi, kijana anaeleza vizuri tu hapa wanalala ndama, hapa mama mwenye nyumba, bibi kainama kaingia, kanyanyua uso kwenye paa, kimya. Afu akauliza humu mnawasha moto? Kijana akacheka akasema bibi haya ni makumbusho. Bibi akamwambia mjukuu wangu, paa la nyasi linaishi kwa moshi, moto ukiwaka kila siku masizi yanashika nyasi na fito, mchwa na wadudu hawasogei, nyumba iliyohamwa hata kama hainyeshewi inaisha upesi. Akagusa nguzo, akanusa vidole! Mimi nimesoma mpaka chuo, hilo sikuwahi kulifikiria, kwamba nyumba ya zamani ilikuwa inatunzwa na mtu kuishi ndani yake tu. Kijana akatoa simu akaanza kumrekodi, na hapo ndo nilipompenda, maana wengine ukiwapa habari wanakuona unawaharibia ratiba. Kwenye vibuyu vya maziwa ikawa hivyohivyo, bibi anaeleza kufukiza kibuyu, watalii wawili wa Kijerumani wamesimama nyuma yetu wanasikiliza bila kuelewa neno.

Kuna sehemu ya kuhesabu pia, kwamba kila rika lilikuwa na maneno yake ya moja mpaka kumi. Hiyo mniruhusu nisiimalize hapa, nendeni mkaone. Na jengo la ngoma, Bagika na Bagalu, vyama viwili vinavyoshindana mpaka kesho. Hapo utakuta habari za Banunguli wawinda nungunungu, Bayeye wanaocheza na nyoka, na Bugobogobo ya majembe ambayo wengi tunaijua kwenye harusi tukidhani ni staili tu, kumbe ni ngoma ya kulimia, watu wanalima shamba kubwa kwa mdundo.

Ngoja niseme na hili maana limeniuma. Wiki hiyohiyo nilikula kwenye mgahawa mmoja mjini, jina nalibania, uko kwenye nyumba ya zamani yenye baraza. Matangazo yao yote ni "nyumba ya kihistoria". Wameng'oa milango ya mbao wakaweka aluminiamu, ukuta wa chokaa wamepiga plasta ya simenti na rangi ya mafuta juu. Simenti haipumui, unyevu unaopanda kutoka chini unakosa pa kutokea, sasa plasta imetoka mabaka na nyuma ya kiti changu ilikuwa inadondoka kwenye sahani. Sato mwenyewe alikuwa mzuri, nyota 2 kwa ajili ya sato. Afu watu wanasema si kuna sheria. Ipo, ya Mambo ya Kale ya 1964, ila majengo inayoyalinda moja kwa moja ni ya kabla ya 1863, na huu mji wetu Wajerumani wameanza kuujenga miaka ya 1890, piga hesabu mwenyewe. Jengo la baadaye mpaka litangazwe rasmi, lisipotangazwa mwenye nyumba anaamka na nyundo yake.

Bujora nayo ni ya juzi ukiipima kwa sheria hiyo. Ila pale Jumapili watu wanasali, Juni kwenye Bulabo, sikukuu ya mashindano ya ngoma, uwanja unajaa, pande mbili zinacheza kwa wakati mmoja na mshindi ni yule aliyevuta watu wengi upande wake. Mimi naipa nyota 5. Nendeni asubuhi, msiende na haraka, na kama una mzee nyumbani mpeleke huyo kabla ya mgeni.

Njiani kwenda Magu bibi akaniuliza hiyo Bulabo ni lini, nikamwambia Juni. Akasema sawa, ila sikai upande wa Bagalu, babu yako alikuwa Bagalu. Miaka yote hiyo sikujua kwamba pale nyumbani kulikuwa na upinzani.