Kununua chombo cha magurudumu mawili Nairobi bila kuongezea mji moshi: cha kwanza hadi cha mwisho

Kabla ya kuuliza bei, hesabu kilomita unazokwenda kwa siku. Hizo ndizo zitakazokuchagulia.

1. Pikipiki ya stima ya kubadilisha betri. Kwa mwenye bodaboda, sioni mpinzani. Anayebeba abiria kutwa hupita kilomita 100 bila shida, na hana muda wa kukaa akingoja chaji. Ampersand, iliyoanzia Kigali, na Spiro hukuuzia pikipiki, betri ikabaki mali yao: unaingia kituoni, unaacha iliyoisha, unawekewa iliyojaa, unalipa, unaondoka. Kwa kuwa betri ndiyo ghali, bei ya kuanzia hushuka. Ubaya ni kwamba unafungwa kwa kampuni moja. Usitoe depo kabla hujaona vituo vyao viko wapi. Kama steji yako iko Rongai na kituo cha karibu kiko Westlands, achana nayo. Uliza pia kama pikipiki inaweza kuzimwa kwa mbali ukichelewesha malipo, na usome hayo kwenye mkataba, si mdomoni mwa muuzaji.

Na usiambiwe kwamba moshi umehamishiwa tu kwenye mitambo ya stima. Hapa Kenya karibu asilimia 90 ya stima hutoka kwenye mvuke wa ardhini kama ule wa Olkaria, maji, upepo na jua. Petroli nayo, kila lita ikichomeka hutoa takriban kilo 2.3 za kaboni dayoksaidi. Anayetumia lita tatu kwa siku ameshakaribia kilo saba.

2. Ya stima yenye betri yako mwenyewe. Roam Air, kwa mfano, betri yake hutoka, ukaichaji nyumbani. Inamfaa anayekwenda kazini na kurudi. Hakikisha kwanza soketi na waya za ploti ni nzima, na kama mita ya stima ni ya pamoja, ongea na landilodi na majirani mapema. Ugomvi wa tokeni hauishi.

3. Baiskeli ya mtumba. Kwa usafi wa hewa ingekuwa juu kabisa. Iko hapa kwa sababu ya barabara: njia za baiskeli zipo Thika Road na Ngong Road, lakini bodaboda nazo hupita humo humo. Kama safari yako ni fupi na mtaa una utulivu, inunue hiyo. Kagua nyufa kwenye viungo vya fremu kabla ya kusifu rangi.

4. Ya petroli, mpya. Iwe tu unafanya kazi mbali na vituo vyote vya betri.

5. Kuukuu ya tu-stroku, ile inayochoma oili pamoja na petroli. Hata ukipewa bure, kataa.

Kwa zote za stima, dai waranti ya betri kwa maandishi, ikitaja miaka. Halafu ijaribu kwenye mwinuko mkali ukiwa umebeba mtu mzima nyuma. Kwenye tambarare ya duka kila pikipiki ina nguvu.