TAHADHARI: "Kazi za kiangazi milimani Uswisi" zinazouzwa hapa Mwanza ni utapeli

Ndugu zangu wa Mwanza, Magu, Sengerema na Ukerewe, someni hili, kisha mlipeleke kwenye makundi ya familia, hasa kama nyumbani kuna kijana anayetafuta kazi.

Kuna bwana mmoja anazunguka hapa mjini, nadhifu, mwenye maneno laini. Anauza nafasi za kazi za Julai hadi Septemba kwenye hoteli za Zermatt, Uswisi, kule watu wanakokwenda kuteleza kwenye theluji. Anachukua laki tano za fomu, halafu milioni moja na laki mbili za "viza na bima". Mama mmoja muuza dagaa pale Mwaloni Kirumba, ambaye mimi namwita shangazi, ametoa mtaji wake wote kwa ajili ya mwanawe. Sasa simu ya yule bwana haipatikani, na pasipoti ya kijana bado anayo yeye. Inaniuma sana. Ule mtaji ndio uliokuwa unalisha nyumba nzima.

Mkataba wa kazi aliompa kijana nimeusoma wote. Unasema kijana atakuwa dereva wa basi dogo la dizeli, awapokee wageni uwanja wa ndege na kuwashusha mlangoni mwa hoteli. Lakini Zermatt magari ya kawaida ya abiria hayaingii! Yanaishia kijiji cha Täsch, kama kilomita 5 kabla, wageni wanapanda treni, na mjini wanabebwa na vigari vya umeme. Mkataba unasema pia kwamba kila asubuhi atazoa theluji mitaani. Julai hiyo? Wakati huo kule ni kiangazi na theluji ya vijijini imeshayeyuka. Wageni wanatembea milimani kwa miguu, wengine wanapandisha baiskeli kwa magari ya kamba kisha wanateremka nazo. Wanaotaka kuteleza hupanda juu kabisa kwenye barafu ya kudumu, ambako kituo cha gari la kamba kiko mita 3,883 kutoka usawa wa bahari. Aliyeandika karatasi ile ameona picha za Desemba tu.

Na hata angeiandika vizuri, kazi zenyewe kwa njia hiyo hazipo. Uswisi iliachana na kibali cha wafanyakazi wa msimu mwaka 2002. Kazi za namna hiyo zinajazwa na watu wa nchi za Ulaya. Sisi wa huku wanatupokea kwa kazi za utaalamu, tena mwajiri athibitishe kwanza kwamba amemkosa mtu wa kule. Viza ya Schengen, yaani ya kundi la nchi za Ulaya ambamo Uswisi imo, ya muda mfupi isiyozidi siku 90, peke yake haimruhusu mtu kuajiriwa. Ada yake kwa mtu mzima ni yuro 90 tangu Juni 2024, pesa isiyofika hata laki nne. Anayeiomba mara ya kwanza lazima aende mwenyewe kutoa alama za vidole, na ikitoka hubandikwa ndani ya pasipoti. Huyu kijana hakuitwa popote kutoa vidole. Alitumiwa "viza" ya PDF kwa WhatsApp!

Msitulizwe na cheti cha BRELA, wakala wa usajili wa biashara, anachowaonyesha watu. Kinathibitisha kwamba jina la biashara limesajiliwa, basi. Anayepeleka watu kufanya kazi nje lazima awe na leseni ya uwakala wa ajira, kwa hiyo kabla ya kutoa hata shilingi ulizeni TaESA, wakala wa serikali wa huduma za ajira, kama wanamtambua.

Mliokwisha kulipa, msifute ujumbe wa muamala wala mazungumzo yenu naye. Nendeni kituo cha polisi mkachukue RB, yaani namba ya kumbukumbu ya taarifa yenu, na ambao pasipoti zenu anazo muwaarifu Uhamiaji mapema, maana anaweza kuzitumia kwa mambo mengine. Namba anazotumia kuomba pesa zitumeni kwa ujumbe mfupi kwenda 15040, namba ya kuripoti utapeli wa simu. Shangazi anakwenda polisi Jumatatu asubuhi. Aliyeumizwa na mtu huyuhuyu aniandikie inbox leo, twende pamoja na shangazi.